Bustani ya Beri Karibu na Mlango

Mwalimu mmoja akaaye milimani ametuandikia kutuuliza habari za matunda madogo yale ambayo watu siku hizi huyaita beri. Asema kwamba alionjeshwa stroberi nyumbani kwa rafiki yake, akapendezwa nazo sana, na tena amesikia bei yake mjini. Basi ataka kujua kama yafaa aache shamba lake dogo la mahindi, azipande hizo badala yake. Tulipoisoma barua ile hapa nyumbani tulitazamana, tukacheka kidogo, kisha tukanyamaza. Kwani sisi wenyewe tulifanya vivyo hivyo, na habari yake tutaisimulia hapa chini. Jibu letu kwa ufupi ni hili: azipande, lakini mahindi asiyaguse.

Kwanza tuseme juu ya jina. Lugha yetu haina neno moja la kukusanya matunda haya yote, wala si ajabu, kwani asili zake ni mbalimbali: mengine hutambaa chini, mengine huota miiba kama vichaka vya porini, mengine ni ndugu za nyanya, na mengine hutoka juu ya mti mkubwa. Wataalamu wa mimea nao huzidi kutuchanganya. Kwao ndizi na nyanya ni beri halisi, na stroberi si beri hata kidogo. Wasema vile vitu kama mbegu vilivyobandikana juu ya ngozi yake ndivyo matunda yenyewe, na ile nyama nyekundu tulayo ni kikalio cha ua kilichovimba. Hatutabishana nao. Tutafuata desturi ya sokoni, na beri kwetu zitakuwa matunda madogo, laini, yenye maji mengi, ambayo mtoto aweza kuyatia kinywani mazima.

Maneno haya yawahusu hasa wale wakaao penye baridi, kama Usambara yetu, na Upare, na miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na nchi ya juu ya Kenya. Walioko pwani na mabondeni wasikate tamaa. Mforosadi ni wao pia, nao tutaufikia.

Tuanze na stroberi, kwa kuwa ndizo alizoziuliza mwalimu. Stroberi tulimazo leo hazikupatikana porini popote, bali ni mtoto wa wazazi wawili waliokutana mbali na kwao. Mwaka 1712 mfalme wa Ufaransa alimtuma mhandisi wa jeshi lake, jina lake Amédée-François Frézier, aende Amerika ya Kusini kuchunguza ngome za Wahispania. Mtu huyo alizitazama ngome, akayatazama na mashamba pia, akaona wenyeji wa Chile wakilima stroberi kubwa kuliko zote alizozijua kwao. Aliporudi mwaka 1714 alichukua miche yake melini. Safari ilikuwa ya miezi mingi, maji ya kunywa yalikuwa ya kupimwa, na miche nayo ilitaka kunyweshwa; iliyofika hai ilikuwa mitano tu. Ikapandwa Ufaransa, ikasitawi, ikachanua, lakini haikuzaa kitu cha maana. Sababu yake ilijulikana baadaye: miche ile ilikuwa ya kike, wala hapakuwa na ya kiume karibu. Ilipopandwa kando ya stroberi ndogo zilizotoka Amerika ya Kaskazini, zenye harufu nzuri, ndipo ilipozaa, na katika mbegu zao ikazuka stroberi hii mpya, yenye ukubwa wa mzazi mmoja na utamu wa mwingine. Aliyeeleza asili hiyo kitabuni, mwaka 1766, ni Antoine Nicolas Duchesne, naye alikuwa kijana ambaye hajatimiza miaka 20.

Miche ya leo ina dume na jike katika ua moja, basi msomaji asihofu. Lakini nyuki wanatakiwa hata hivyo. Pasipo nyuki wa kutosha tunda hutoka limepindika, upande mmoja umejaa na upande wa pili umesinyaa.

Kuzipanda si kazi ngumu, ila ina mlango mmoja wa kuingilia, na sisi tulikosea pale pale mlangoni. Mche mzima hutoa kamba ndefu zitambaazo juu ya udongo, na mwisho wa kila kamba huota mche mdogo wenye mizizi yake; huo ndio mbegu. Katikati ya mche mna kifundo kinene yatokamo majani, nasi hukiita moyo. Moyo huo sharti uwe sawasawa na uso wa udongo: ukizikwa huoza, ukiachwa juu sana mizizi hukauka. Mwaka wa kwanza tulipewa miche 40, tukaishindilia ardhini kama watu wapandao viazi, na baada ya mwezi 26 ilikuwa imeoza. Tulilaumu mvua, tukalaumu samadi, mpaka mwenzetu mmoja alipofukua mche kwa kidole akatuonyesha.

Basi fanya matuta yaliyoinuka kadiri ya shibiri moja, ili maji yasituame, utie mboji au samadi iliyooza kabisa, na kati ya mche na mche uache sentimeta 30. Usichague mahali palipokuwa na nyanya, biringani wala viazi mviringo miaka ya karibuni, kwani ugonjwa wa mnyauko hukaa udongoni ukingoja. Maua ya kwanza yavunje, ijapokuwa mkono utasita, ili mche ujenge mizizi kabla ya kuzaa. Kisha tandaza nyasi kavu chini ya majani. Nyasi hizo huzuia magugu, hutunza unyevu, na zaidi ya yote hulilinda tunda lisilale juu ya udongo uliolowa na kurushiwa matope na mvua. Koa watakuja usiku; watafute kwa taa, uwaokote. Ndege watakuja mchana, hasa wale wenye mikia mirefu waendao makundi makundi, na dawa yao ni wavu au mtoto mwenye kopo la kugonga. Baada ya miaka 3 mche umechoka; ung'oe, upande watoto wake mahali pengine.

Tena kuna jambo lililo kubwa kuliko hayo yote kwa mtu atakaye kuuza. Ndizi huchumwa mbichi ikaivia njiani. Stroberi haifanyi hivyo. Ikichumwa nyeupe itabaki chachu mpaka ioze. Lazima ichumwe nyekundu, na ikiisha kuwa nyekundu imebakiwa na siku mbili tatu tu, pasipo mahali pa baridi pa kuiweka. Haimngoji mtu.

Sasa habari yetu. Mwaka wa pili miche ilipotusalia na kuzaana tulijiona mafundi. Tulipiga hesabu jioni mezani, na hesabu za mezani ni tamu, tukaona debe moja la mahindi ni nini mbele ya ndoo moja ya stroberi. Tukaligeuza shamba la mahindi karibu lote kuwa matuta. Mnunuzi mmoja wa mjini alituahidi kwa simu kwamba atachukua ndoo zote kila Jumanne na kila Ijumaa, na majuma matatu alikuja kweli, akalipa kweli. Juma la nne mvua za masika zilianza, barabara ya kushuka bondeni ikawa utelezi, naye hakuja, wala simu hakuipokea. Siku ile tulikuwa tumechuma ndoo saba. Ijumaa jioni zilikuwa nyekundu zenye kung'aa. Jumapili asubuhi zilikuwa zimeota ukungu wa kijivu kama manyoya ya panya. Zilizokuwa bado shambani zikaoza juu ya mche.

Kwa nini tusiseme ukweli? Mwaka ule unga tuliununua, tena katika miezi ambayo jirani zetu walikuwa wakivuna, na fedha ya bweni ya binti yetu tuliikopa. Alikawia nyumbani majuma mawili baada ya wenzake kwenda shule. Hakutulaumu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Katika siku zile bibi mmoja jirani yetu alipita njiani, akasimama penye ua, akazitazama ndoo.

"Mwalimu," akasema, "vitu hivi vyaliwa na ugali?"

"La, Bibi, haviliwi na ugali."

"Basi mwanangu, nipe nikawape wajukuu, kabla hamjamwaga."

Tukampa ndoo mbili zilizokuwa na afadhali. Jioni ile watoto wote wa upande wetu walikuwa na vinywa vyekundu, na wa kwetu wakiwa pamoja nao. Na hapo ndipo tulipokumbuka kwamba tangu mavuno yaanze hatujawapa watoto wetu hata bakuli moja, kwa kuwa kila tunda tulilihesabu kuwa ni fedha.

Kwa hiyo sasa tuna matuta 4 tu, yenye miche 20 kila moja, hatua chache kutoka mlango wa jikoni, ambapo maji ya kuoshea mboga yafika bila kazi. Kwanza hula watoto. Zinazosalia hupikwa. Zikisalia tena ndipo tuuzapo, na mnunuzi asipokuja hatulali njaa. Mahindi yamerudi mahali pake. Mtu aliye karibu na barabara ya lami, mwenye jokofu na wanunuzi zaidi ya mmoja, aweza kufanya hesabu nyingine; sisi twaandika kwa ajili ya walio wengi.

Kama mwalimu wetu angetuuliza aanze na lipi, tusingemtajia stroberi, bali gusberi ya Rasi. Hili ni tunda la dhahabu, dogo kama gololi, lililovaa mfuko mwembamba mithili ya karatasi. Laitwa hivyo kwa sababu ya Rasi ya Tumaini Jema, huko Afrika ya Kusini, lilikolimwa tangu zamani, lakini kwao hasa ni milima ya Andes, upande wa Peru. Huota kwa mbegu. Kamua matunda mawili, osha mbegu, zikaushe kivulini, uzisie kitaluni. Miche ikifikia urefu wa shibiri ihamishe, uiache nafasi ya mita moja, kwani hutanuka. Usiinyweshe samadi nyingi, maana itakupa majani tu. Baada ya miezi michache huanza kuzaa, na huendelea kuzaa muda mrefu.

Uzuri wake mkubwa ni ule mfuko. Tunda likiiva mfuko hukauka na tunda huanguka lenyewe. Likiokotwa na kuwekwa na mfuko wake mahali pakavu penye hewa, hukaa majuma kadhaa bila kuharibika. Hilo ndilo tunda la watu wasio na barabara. Ila tahadhari moja: ni ndugu wa nyanya na viazi, na matunda yake mabichi ya kijani yana sumu. Wafundisheni watoto wasile ila lililoanguka, lenye mfuko mkavu na rangi ya dhahabu. Sisi tuna sheria moja nyumbani, kwamba la mtini si lako, la chini ni lako, na hata mdogo wa miaka minne aifahamu.

Mforosadi wafaa milimani, na bondeni pia. Ni ule mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri, na Wachina wameulima kwa ajili hiyo tangu maelfu ya miaka. Kata tawi lililokomaa, nene kama penseli, lenye urefu wa sentimeta 20 au zaidi, ulichomeke penye unyevu mwanzo wa mvua, mengi yatashika. Mti hukua upesi, basi uupande mbali na kisima na ukuta wa nyumba, na kila mwaka uupogoe, ili mtoto aweze kuyafikia matunda bila kupanda. Majani yatakayokatwa wape mbuzi, watafurahi. Forosadi zake huivia weusi, nazo hutia madoa yasiyotoka katika nguo. Mama wa nyumba asianike nguo nyeupe chini yake. Sisi tumepoteza shuka mbili.

Rasberi, na ile nyeusi ya jamaa yake yenye miiba, ni habari nyingine. Hizi huota fimbo ndefu kutoka shinani. Kwa desturi fimbo hukua mwaka wa kwanza bila kuzaa, huzaa mwaka wa pili, kisha hufa. Basi kazi ya mlimaji ni kukata chini kabisa fimbo zilizokwisha kuzaa, na kuziacha changa. Asiyejua hukata zote pamoja, kisha hushangaa kwamba mwaka unaofuata hakuna tunda. Ziko aina nyingine zizaazo juu ya fimbo ya mwaka ule ule, na hizo ni rahisi zaidi kwa mgeni. Fimbo zifungwe juu ya waya au miti miwili, hewa ipite kati yake. Aina nyingi za Ulaya hutaka baridi kali kuliko yetu, lakini iko moja iliyotoka Asia, yenye fimbo nyeupe kama zilizopakwa chokaa na matunda ya zambarau iliyokoza, ambayo huzaa vizuri katika nchi za joto.

Hiyo hiyo ndiyo tunayoiogopa. Wataalamu huiita Rubus niveus. Ilipelekwa katika visiwa vya Galápagos kwa kulimwa, ikatoka mashambani, ndege wakazieneza mbegu, na leo ni miongoni mwa magugu mabaya kabisa ya visiwa vile, imefunga vichaka ambamo mimea ya asili haiwezi kuota. Kadhalika Marekani: mwaka 1885 Luther Burbank, mtaalamu wa kuzalisha mimea, alieneza beri nyeusi yenye matunda makubwa iliyotoka mbegu za India, watu wakaishangilia, na sasa imejaa kando ya barabara na mito ya upande wa magharibi, na watu huikata kila mwaka bila kuimaliza. Ncha ya fimbo ikiinama na kugusa udongo huota mizizi, na hapo pana kichaka kipya. Misitu ya Usambara ina mimea isiyokuwamo pengine duniani. Lile ua dogo la zambarau lipandwalo ndani ya vyungu madirishani Ulaya nzima lilitolewa huku mwaka 1892. Kwa hiyo akaaye kando ya msitu asipande aina ile ya fimbo nyeupe kabisa. Aliye mbali apande safu moja, azing'oe machipukizi yanayotokea nje ya safu, na fimbo zilizokatwa azichome moto, asizitupe mtoni.

Bluberi twaitaja kwa sababu wengi huiuliza. Hii ilikuwa tunda la porini tu mpaka juzi. Mwaka 1911 Elizabeth White, binti wa mkulima katika jimbo la New Jersey, Marekani, alianza kufanya kazi pamoja na mtaalamu Frederick Coville, aliyekuwa amegundua kwamba mmea huu hufa katika udongo mzuri wa bustani na kusitawi katika udongo mchachu. Bibi huyo aliwalipa watu wa vijiji vya karibu wamletee habari za vichaka vyenye matunda makubwa, na kila kichaka akakiita kwa jina la aliyekiona. Mwaka 1916 waliuza mavuno yao ya kwanza. Siku hizi hulimwa hata Kenya, kwa aina zisizotaka baridi kali. Penye udongo ufaao chai, hapo yaweza kujaribiwa. Penginepo ni kupoteza fedha, kwani miche yake ni ghali. Sisi tuna mche mmoja ndani ya pipa lililokatwa, tumeulaza juu ya mboji ya majani ya misonobari, na mwaka jana ulitupa konzi mbili.

Imebaki jamu, maana mvua hazitaacha kunyesha wakati wa mavuno. Kwa kilo moja ya stroberi twatia kilo moja ya sukari na maji ya malimau mawili, kwa sababu stroberi peke yake haigandi vizuri. Gusberi hugandika yenyewe, na sukari yake yaweza kupungua kuwa robo tatu ya kilo. Ziponde kidogo, zichemke kwa moto mkali katika sufuria pana, ukikoroga hata chini, na utoe povu. Kujua kama imeiva, dondosha tone juu ya kisahani kilichopoa, ulisukume kwa kidole. Likikunjamana kama ngozi, epua. Chupa ziwe zimechemshwa dakika 10 pamoja na vifuniko vyake, na jamu imiminwe ingali moto. Ya kwanza tuliyoipika iligeuka peremende, ikatulazimu kuivunja kwa kisu. Watoto hawakuona kosa lolote.

Yule bibi alirudi mwezi wa nane, mkononi ana ungo.

"Mwalimu, zile kamba zitambaazo mwazitupa?"

"Nyingine twazitupa, Bibi."

"Basi nipe tano. Usinipe nyingi, mgongo wangu wauma."

Tukamfukulia mitano yenye mizizi mizuri, na udongo wake, tukamwonyesha moyo wa mche na jinsi ya kuuacha nje. Akaipanda mbele ya jiko lake, mahali anapomwaga maji ya kunawia. Mwaka uliofuata ilikuwa imejaza upenu wote. Tukipita asubuhi kwenda shuleni twawakuta wajukuu zake wawili wameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, wakigonga kopo, na ndege juu ya paa wakiwangoja wachoke.